Dansi Huisha Alfajiri, Kanda Hubaki

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni wiki hii. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuweke kando bei ya mahindi na ubovu wa barabara zetu, ili nizungumzie ugonjwa wangu wa siku nyingi. Ugonjwa wenyewe ni muziki wa roki. Nasema ugonjwa kwa sababu hapa Mpanda wenzangu wananihesabu hivyo. Wakinikuta kijiweni nikibishana juu ya Queen au Led Zeppelin, hutikisa vichwa. "Mwandishi," huniuliza, "wewe mtu wa Katavi, makelele ya Wazungu yanakuhusu nini?"

Swali hilo si geni katika nchi hii. Novemba 1969, wakati taifa likihimizwa kujenga utamaduni wake, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana waliokuwa wakicheza nyimbo za James Brown waliambiwa kwamba ile ni kasumba. Mimi sikuwa nimezaliwa bado, lakini hoja ile naijua vizuri, maana naisikia mpaka leo. Basi leo nataka kuijibu. Na katika kuijibu itanibidi nikiri kosa langu mwenyewe, kosa lililonikaa rohoni kwa miaka mingi.

Ugonjwa huu niliupata miaka ya themanini, nikiwa mtoto. Mjomba wangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Siku moja alirudi kutoka Dar es Salaam na kaseti isiyo na jina, iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine, ambayo bila shaka nayo ilirekodiwa kutoka nyingine. Tuliipiga kwenye redio kaseti yake usiku na mchana. Ili kuokoa betri tuliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ya Bic. Sikuelewa neno hata moja, lakini sauti ya yule mwimbaji ilinisimamisha. Miaka ya tisini nilimwona kwa macho katika banda la video hapa mjini, mwenye banda alipoweka mkanda wa muziki baina ya sinema ya karate na ya kivita. Alivaa fulana nyeupe, ameshika kipande cha mlingoti wa kipaza sauti, na uwanja mzima ulikuwa ukimfuata kwa mikono. Nilipokwenda kusomea uandishi wa habari ndipo niliposoma kwamba mtu yule alizaliwa Unguja. Nilirudia kusoma mara mbili.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi waliotoka India. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Kijana alipelekwa kusoma shule ya bweni huko Panchgani, India, akarejea Zanzibar mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Uingereza. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 17. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen.

Sasa, mshabiki wa roki ana mambo matatu anayoyapenda. La kwanza ni kuiona bendi jukwaani. La pili ni kuisikiliza santuri nzima tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. La tatu ni kutazama filamu inayosimulia habari za wanamuziki hao. Vijiweni ubishi hauishi: lipi ni bora kuliko mengine? Tumtazame Mercury, maana yote matatu anayo.

Tuanze na santuri. Mwaka 1975 Queen walitoa santuri iitwayo A Night at the Opera. Ndani yake umo wimbo wa Bohemian Rhapsody, ambao una urefu wa karibu dakika sita, wakati redio za siku zile zilizoea nyimbo za dakika tatu. Katika sehemu ya katikati unasikia kama kwaya ya watu mia. Hapana kwaya pale. Ni watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, wakiimba, kisha wakiimba tena juu ya sauti zao wenyewe, kwenye mkanda wenye njia 24. Walirudia mara nyingi kiasi kwamba, kwa masimulizi yao wenyewe, mkanda ulilika ukawa unapitisha mwanga. Kazi ile haikuwezekana jukwaani. Katika maonyesho yao, sehemu hiyo ilipofika, walitoka jukwaani na kuacha mkanda upigwe.

Tuje kwenye onyesho. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, London, lilifanyika tamasha la Live Aid la kuchangisha fedha kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Walikuwepo watu wapatao 72,000. Queen walipewa muda wa kama dakika 20 hivi. Wajuzi wengi wanasema hakuna bendi ya roki iliyowahi kuzitumia dakika 20 vizuri kuliko hizo. Tamasha lilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni za nchi nyingi duniani. Sisi, majirani wa wenye njaa, hatukuliona. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Bara hatukuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994.

Mercury alifariki dunia tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Mwaka 2018 ikatoka filamu ya maisha yake, nayo inaitwa Bohemian Rhapsody. Mwigizaji wake mkuu, Rami Malek, alipata tuzo ya Oscar, na filamu kwa jumla ikazoa nne. Mimi niliitazama nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha, kwa sababu Wembley ilirudi mbele yangu. Hasira, kwa sababu filamu inapanga mambo ipendavyo: inamwonyesha Mercury akiwaambia wenzake habari ya ugonjwa wake kabla ya Live Aid, ilhali wanaoandika maisha yake wanasema alipimwa na kujua baadaye, kama mwaka 1987. Nayo Unguja, kisiwa kilichomzaa, imepewa maneno machache tu ya mezani.

Lakini hebu tujiulize. Nitajuaje kwamba filamu imepotosha? Najua kwa sababu kumbukumbu ya asili ipo. Mkanda wa Wembley upo, na tarehe zimeandikwa. Na yule mwigizaji aliwezaje kumwiga Mercury hatua kwa hatua, hadi kugeuza shingo? Aliutazama mkanda. Sauti tunazosikia katika tukio lile la Wembley kwa sehemu kubwa ni zile zile zilizorekodiwa siku ile. Onyesho lililodumu dakika 20 lilizaa filamu miaka 33 baadaye kwa kuwa palikuwa na mtu aliyerekodi, na mwingine akatunza. Kwa hiyo ubishi wa vijiweni mimi naujibu hivi: bora kuliko yote ni onyesho, lakini onyesho huisha alfajiri. Likikosa mtunzaji, haliwi santuri wala filamu. Linabaki midomoni mwa waliokuwepo, nao hawaishi milele.

Tutoke Wembley turudi nyumbani. Sisi maonyesho tulikuwa nayo, tena ya kutosha. Tangu Uhuru mpaka miaka ya themanini nchi hii ilicheza dansi kwelikweli. Dar es Salaam kulikuwa na NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, na Western Jazz. Tanga kulikuwa na Atomic na Jamhuri. Morogoro kulikuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Huku kwetu magharibi kulikuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, na sauti ya Shem Karenga. Lakini santuri zetu ziko wapi?

Hapo ndipo historia yetu inapoachana na ya Queen. Studio kubwa ya kurekodi muziki Bara ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilisafiri na vyombo vyake mpaka pale, ikajipanga, ikapiga wimbo mzima kwa mkupuo mmoja: magitaa, tarumbeta, ngoma na waimbaji wote pamoja. Hapakuwa na njia 24, wala nafasi ya kurudia sauti juu ya sauti. Akikosea mpiga besi, mnaanza upya nyote. Wapo wanaoona huo ni umaskini. Mimi kama mshabiki wa maonyesho naona tofauti. Kanda zile ni dansi lenyewe lililonaswa, na ukisikiliza vizuri unasikia watu wakitazamana na kupeana zamu. Queen walipata santuri wasiyoweza kuipiga yote jukwaani. Sisi tulipata kanda ambazo kila kilichomo kilipigwa na mikono ya watu kwa wakati mmoja.

Tatizo lilikuwa kuzifanya kanda hizo ziwe mali ya mnunuzi. Santuri za wanamuziki wetu zilichapwa Nairobi. Nyingi zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45, ambazo wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili ndipo magitaa yanapochemka. Mpenzi wa muziki aliinuka kitini katikati ya wimbo akaigeuze. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, wakati mpaka umefungwa. Tangu hapo wengi wetu tuliipata dansi kwa njia moja tu, nayo ni redio. Wimbo ukipigwa unausikia, usipopigwa ndiyo basi.

Waliofanikiwa kupata santuri ndefu, wengine waliipatia ugenini. Patrick Balisidya wa Afro 70 alirekodi na bendi ya Kiswidi ya Archimedes Badkar, ikatoka santuri ya Bado Kidogo mwaka 1979. Hapo, ndugu zangu mnaonicheka, roki ya Ulaya na dansi ya Dar es Salaam zilikaa meza moja, na hakuna aliyepoteza utamaduni wake. Naye Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, ng'ambo ya ziwa letu Tanganyika, alialikwa na Super Matimila kwenye tamasha la WOMAD mwaka 1988. Mwaka uliofuata ikatoka santuri ya Songs for the Poor Man katika studio ya Real World ya Peter Gabriel, ambaye naye ni mwanaroki. Remmy alifariki Desemba 2010. Leo mtu wa London au Tokyo anaweza kuinunua santuri ile akaisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa bendi zetu nyingine nyingi, kilichobaki ni kanda za Radio Tanzania, ambazo zilirithiwa na TBC. Tuwashukuru mafundi mitambo na watunza maktaba wale waliofunga kila kanda, wakaandika jina la bendi na tarehe juu yake. Bila wao tungekuwa mabubu.

Wengine watasema hayo ni mambo ya matajiri. Basi tuwatazame jirani zetu wa kusini, Zambia, ambao si matajiri kutushinda sana. Miaka ya sabini Rais Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa nyumbani. Vijana wa miji ya migodi ya shaba walipoambiwa wapige muziki wa Kizambia, walichukua magitaa ya umeme wakapiga roki, kwa Kiingereza na kwa lugha zao. Wakaiita Zamrock. Bendi maarufu kuliko zote iliitwa WITCH, na mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, alijulikana kwa jina la Jagari, akifananishwa na Mick Jagger. Mwaka 1975 walitoa santuri ya Lazy Bones!!

Kisha bei ya shaba ikaanguka, fedha zikakauka, na UKIMWI ukawafyeka wanamuziki mmoja baada ya mwingine. Wenzake wote Chanda wa kundi la awali walifariki. Yeye akaenda kuchimba vito. Muziki ule ungekufa kabisa, ila santuri zilikuwepo. Zikaokotwa na wakusanyaji, zikachapwa upya, na mwaka 2019 ikatoka filamu ya hali halisi juu yake na bendi yake. Mzee akarudi jukwaani Ulaya na Marekani, akiimba mbele ya vijana ambao baba zao hawakuwahi kusikia habari za Zamrock. Hapa kwetu pia, mwaka 2018, ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo Wahenga, juu ya wazee wa dansi. Ni mwanzo mzuri. Lakini filamu ya namna hiyo haiwezi kufika mahali ambapo hapakurekodiwa kitu.

Mahali hapo ni kama Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua hadi hapa, kilometa zipatazo 210, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Kwa reli hiyo yalikuja mambo yote: chumvi, magazeti, walimu wapya, na bendi. Nakumbuka usiku mmoja, miaka ya themanini mwishoni, bendi moja kutoka Tabora ilishuka stesheni na vyombo vyake, na sisi watoto tukabeba ngoma mpaka ukumbini ili turuhusiwe kuchungulia. Katikati ya dansi jenereta ilizimika. Tulidhani mambo yamekwisha. Wale jamaa waliendelea kwa ngoma na sauti tupu, gizani, na watu wakacheza mpaka kulipokucha. Mimi nimekwisha kuona mikanda ya maonyesho mengi makubwa ya roki. Usiku ule hauzidiwi na lolote kati ya hayo. Mkanda wake sina, na hakuna aliye nao.

Sasa kosa langu. Mwaka 2004 nilikuwa kijana mpya katika kituo kimoja cha redio. Nilimwendea mzee mmoja wa hapa mjini, mpiga gitaa, ambaye ujanani alikuwa akiwapigia wafanyakazi wa mgodi wa risasi siku za mishahara. Alinisimulia jinsi magitaa yalivyovuka ziwa kutoka Kongo, ni wimbo gani wachimbaji walipenda, na nani alifundishwa na nani. Kisha akachukua gitaa lake lenye nyuzi tano, la sita lilikuwa limekatika, akapiga nyimbo nne ambazo sijapata kuzisikia tena popote. Nilijaza kaseti ya dakika 60, pande zote mbili. Katika kipindi nilitumia dakika saba.

Wiki iliyofuata nilitumwa kwenye mkutano wa hadhara. Kaseti mpya hazikuwepo. Nilichukua ile, nikarekodi juu yake hotuba ya mheshimiwa mmoja juu ya mbolea. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kununua kaseti dukani kwa fedha yangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba mzee yupo, nitarudi kumrekodi tena. Sikurudi. Baada ya miaka miwili akafariki.

Ndugu msomaji, hivyo ndivyo historia ya muziki wa mkoa huu ilivyofutwa, dakika 60 kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe wa mwandishi wa habari. Wanaolaumu kasumba ya Wazungu wanitazame mimi kwanza. Queen hawakuufuta wimbo wa yule mzee, wala James Brown. Aliyeufuta ni mwenyeji, tena mwenye stashahada.

Basi, wanaoniuliza makelele ya Wazungu yananihusu nini, jibu langu ni hili. Yamenifundisha kwamba wenzetu hutunza kila kitu: onyesho zuri na baya, wimbo uliokamilika na ulioharibika, hata mazungumzo ya studio. Hawangojei mtu awe maarufu ndipo wamrekodi. Sisi hungoja mtu afe ndipo tutafute picha yake ya kutundika msibani.

Kaseti leo hazina kazi tena. Karibu kila mmoja ana simu inayorekodi sauti na picha. Tunazitumia kurekodi harusi na ugomvi wa barabarani. Naomba Jumapili hii uiwashe mbele ya mzee mmoja aliyewahi kushika gitaa, kupiga ngoma, au hata kukata tiketi mlangoni mwa dansi. Muulize jina lake kamili, jina la bendi, mwaka, ukumbi, na nani alipiga nini. Mwache aimbe hata kama sauti imekwisha. Kisha nakili mara mbili, nakala moja mpe mwanao. Nasi wa vituo vya redio tuache kufuta tusivyoweza kuvirudisha.

Kijana wa yule mzee alikuja kuniona baada ya mazishi. Aliomba ile kaseti, ili wajukuu wasikie sauti ya babu yao. Nilimwambia imepotea. Haikupotea, niliifuta. Leo nimemwambia ukweli redioni, na hapa ninaurudia kwa maandishi. Kaka, nisamehe.

Tukutane wiki ijayo.